Kufungiwa na Google, kisha kurudi: historia ya adhabu za injini ya kutafuta

Kuna swali ambalo sisi watengenezaji wa tovuti huulizwa kila mara: "Jana tovuti yangu ilikuwa ukurasa wa kwanza wa Google, leo siioni hata ukurasa wa tano. Nifanyeje?" Anayeuliza huwa na haraka, kwa sababu wageni wa tovuti wakikatika, simu za wateja nazo hukatika. Jibu lipo na nitalitoa hapo chini. Lakini mtu akipewa jibu bila historia yake, atamlipa tapeli wa kwanza anayeahidi kumrudisha juu kwa siku tatu. Basi leo tuanze na historia. Ina kesi za mahakamani, kampuni ya magari, duka kubwa la Marekani, na mke na mume wa Uingereza waliong'ang'ana na Google kwa miaka mingi.

Kura na wanunuzi wa kura

Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Injini za kutafuta zilizotangulia zilitegemea sana maneno yaliyomo kwenye ukurasa. Ukitaka kuonekana kwa neno "hoteli", uliliandika mara mia kwa rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Msomaji halioni, mashine inaliona. Page na Brin wakaja na wazo jingine: tuhesabu viungo. Tovuti moja ikiweka kiungo cha kwenda kwa nyingine, hiyo ni kura. Na kura ya tovuti ambayo yenyewe imepigiwa kura nyingi ina uzito zaidi. Hesabu hiyo wakaiita PageRank.

Sasa, hapa kwetu hakuna haja ya kumfundisha mtu jambo hili: penye kura hapakosi mnunuzi wa kura. Punde si punde viungo vikawa bidhaa. Watu wakajenga mashamba ya viungo, yaani mamia ya tovuti tupu ambazo kazi yake ni kuelekezana tu. Google ikajibu kwa adhabu.

Kesi moja ya mwanzo ni ya SearchKing, kampuni ya Oklahoma, Marekani. Mwaka 2002 ilianzisha biashara ya kuuza nafasi za matangazo kwenye tovuti zenye PageRank ya juu. Muda si mrefu PageRank yake yenyewe ikaporomoka. Ikaenda mahakamani. Mei 2003 kesi ikatupwa: mahakama ilisema kwamba alama ambazo Google huzipa tovuti ni maoni yake, na maoni hulindwa na katiba ya Marekani. Shika neno hilo, msomaji, maana limebeba historia yote iliyofuata. Nafasi yako kwenye Google si mali yako. Ni maoni ya mtu mwingine.

Novemba ya mwaka huo huo yalikuja mabadiliko ambayo wasimamizi wa tovuti waliyaita Florida. Yalifika wiki chache kabla ya Krismasi, msimu ambao maduka ya mtandaoni hupata riziki ya mwaka. Wapo waliokuwa na bidhaa stoo na matangazo ya msimu tayari, wakaamka wakakuta wageni hawapo. Hawakuletewa barua wala kupewa mtu wa kumpigia simu.

Wakubwa hurudi haraka

Februari 2006 adhabu ilimfikia mkubwa. Tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kabisa kwenye Google. Kosa lake lilikuwa zile zinazoitwa kurasa za mlangoni: mashine ya Google ikifika inakuta ukurasa uliojaa maneno kuhusu magari yaliyotumika, lakini binadamu akifungua anarushwa kwa JavaScript hadi ukurasa mwingine wenye picha nzuri na maneno machache. Matt Cutts, mhandisi wa Google aliyeongoza vita dhidi ya spamu, alitangaza mwenyewe hadharani kwamba wameiondoa. BMW ikazitoa kurasa zile, na baada ya siku chache ikarudishwa.

Kwa tukio hilo watu wengi walijifunza kwamba njia ya kurudi ipo: ondoa kosa, andika ombi, eleza ulichofanya, ahidi kutorudia. Ombi hilo baadaye likapewa jina la ombi la kufikiriwa upya. Lakini walijifunza na jambo la pili ambalo halikuandikwa popote. Mtu akitafuta BMW asiione, atadhani Google ndiyo mbovu. Akitafuta duka lako la viatu asilione, atanunua kwa jirani na hatajua kwamba uliwahi kuwapo. Mkubwa ana watu wa kumuulizia. Wewe nani atakuulizia?

Tazama mlolongo wake. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba duka la JCPenney lilikuwa na viungo kwenye zaidi ya kurasa 2,000, nyingi zikiwa za tovuti zisizohusiana nalo kwa lolote. Duka lilisema halikuidhinisha viungo hivyo, na likaachana na kampuni iliyokuwa ikilifanyia kazi hiyo. Google ilipochukua hatua, duka lilitoka nafasi ya 1 hadi ya 71 kwa masanduku ya safari ya Samsonite ndani ya saa mbili. Lilikaa kifungoni takriban miezi mitatu. Januari 2012 Google ililazimika kuushusha ukurasa wake wenyewe wa Chrome kwa siku zisizopungua 60, baada ya kubainika kwamba kampeni ya matangazo yake ilikuwa imezaa kiungo cha kulipiwa. Na siku ya Krismasi 2013, Rap Genius, tovuti ya mashairi ya nyimbo, ilishushwa hadi haikuonekana ukurasa wa kwanza hata kwa jina lake yenyewe. Ilikuwa imewaahidi waandishi wa blogu kuwatangaza iwapo wangebandika viungo vyake chini ya makala zao. Waanzilishi wake waliandika programu ya kupekua viungo takriban 178,000, wakaviondoa vibaya au kuvikana. Siku 10 baadaye walikuwa wamerudi.

Sisemi hawakustahili kurudi. Walifanya kazi, tena ile ya Rap Genius ni kazi nzuri ambayo mwanaprogramu yeyote angeisoma kwa raha. Nasema tu kwamba siku 10 si kipimo cha kila mtu.

Adhabu isiyo na mtu nyuma yake

Hadi hapo nimezungumzia adhabu inayotolewa na binadamu. Mfanyakazi wa Google anaitazama tovuti yako, anabonyeza, unashuka. Adhabu ya namna hii ina mlango wa kubisha. Tangu Agosti 2013 inaonekana hata kwenye ukurasa maalumu ndani ya zana za wasimamizi wa tovuti, ambazo tangu 2015 zinaitwa Search Console. Unasoma kosa, unarekebisha, unaomba, unajibiwa.

Lakini ipo aina ya pili, na hiyo ndiyo iliyowaumiza wengi. Februari 2011 ilikuja Panda, iliyopewa jina la mhandisi wake Navneet Panda. Ililenga tovuti zilizojaza makala nyepesi zilizoandikwa kwa ajili ya mashine tu, na kwa hesabu ya Google yenyewe iligusa asilimia 11.8 ya utafutaji wa Marekani. Aprili 2012 ikafuata Penguin, iliyolenga viungo vya kununua. Hapa hakuna aliyekutazama. Fomula imepita, imekukuta chini ya mstari, imekushusha. Enzi hizo ukiandika ombi la kufikiriwa upya ulijibiwa kwamba huna adhabu yoyote. Na kwa maana ya kitabu ni kweli: hujaadhibiwa, umehesabiwa tu.

Oktoba 2012 Google ilitoa zana ya kuvikana viungo. Unaandika orodha kwenye faili la maandishi, unawaambia: viungo hivi msivihesabu kwangu. Watu wakakesha na lahajedwali zao. Wakaandikia barua pepe tovuti mamia wakiomba viungo viondolewe, na baadhi ya wenye tovuti hizo wakadai kulipwa ili waondoe. Yaani ulilipa kuwekewa, sasa unalipa kuondolewa!

Kisha ikaja sehemu ngumu zaidi, kungoja. Penguin haikuwa ikifanya kazi kila siku. Ilikuwa kama mtihani wa taifa: ukianguka, unangoja mpaka utungwe mwingine. Toleo la Oktoba 2014 lilifuatwa na la Septemba 2016. Karibu miaka miwili! Aliyesafisha tovuti yake mwanzoni mwa 2015 alikuwa amemaliza kazi yote, na bado alibaki chini zaidi ya mwaka mmoja na nusu kwa sababu hesabu haijarudiwa. Kampuni kubwa ingevumilia. Mwenye wafanyakazi watatu na kodi ya ofisi atavumilia kwa nini? Toleo lile la 2016 ndilo lililoifanya Penguin ihesabu muda wote, na badala ya kuishusha tovuti nzima ikawa zaidi inavipuuza viungo vibaya. Wapo waliofurahi, lakini wapo ambao biashara yao haikusubiri hadi siku hiyo.

Mke na mume waliokataa kunyamaza

Hadithi ya mwisho ni ya Foundem. Adam na Shivaun Raff, mke na mume wa Uingereza waliotoka kwenye kazi za kompyuta, walianzisha mwaka 2006 tovuti ya kulinganisha bei. Siku chache tu baada ya kufunguliwa, ikazama kwenye Google. Kwenye injini nyingine za kutafuta iliendelea kuonekana vizuri. Mwanzoni walidhani ni hitilafu. Wakaandika na kuandika. Mwishoni mwa 2008 kipindi cha televisheni cha The Gadget Show kiliitaja kuwa tovuti bora ya kulinganisha bei Uingereza, na bado kwenye Google haikuonekana. Adhabu iliondolewa Desemba 2009, baada ya miaka mitatu na zaidi. Google kwa upande wake ilisema sehemu kubwa ya yaliyomo kwenye Foundem yalinakiliwa kutoka tovuti nyingine.

Wao wakapeleka malalamiko Tume ya Ulaya mwaka huo wa 2009. Mwaka 2017 Tume iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42 kwa kuiweka mbele huduma yake yenyewe ya ununuzi na kuwashusha washindani. Google ikakata rufaa, na Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaithibitisha faini hiyo. Walishinda. Lakini Foundem ilikuwa imefungwa mwaka 2016. Faini nayo haiingii mfukoni mwa mlalamikaji. Haki ilifika, ila ilikuta nyumba imeshahamwa.

Basi tufanye nini?

Nilisema jibu lipo. Ndilo hili.

Kwanza, hakikisha hujajifungia mwenyewe. Fungua faili la robots.txt uone kama linaizuia mashine ya Google, kisha fungua msimbo wa kurasa zako uangalie kama neno noindex limesahaulika humo tangu siku za majaribio. Tazama pia kama tovuti imeingiliwa na wadukuzi. Mara nyingi kinachoitwa adhabu ni mojawapo ya hayo.

Pili, jua ni adhabu ya aina gani. Ingia Search Console. Ukikuta ujumbe wa hatua iliyochukuliwa na binadamu, shukuru, maana una mlango wa kubisha. Kusanya viungo vyote, ondoa unavyoweza, vilivyobaki vikane, kisha andika ombi la kweli: nini kilifanyika, nani alifanya, nini kimeondolewa. Usiwadanganye, wana kumbukumbu kuliko wewe.

Tatu, ukikuta hakuna ujumbe, linganisha tarehe uliyoshuka na tarehe za mabadiliko ambayo Google huyatangaza. Zikilingana, basi ni fomula. Hapo usimlipe mtu "kuondoa adhabu", maana haipo. Punguza kurasa tupu, boresha zinazosomwa, ungoje. Na kungoja kwenyewe hakuna ahadi. Agosti 2022 Google ilianza kupima kama makala inamfaa msomaji, na mabadiliko ya Septemba 2023 yakaziangusha tovuti nyingi ndogo za watu binafsi. Machi 2024 kipimo hicho kikamezwa ndani ya hesabu kuu. Wengi wa walioanguka hawakuwa wamenunua kiungo hata kimoja.

Kwa hivyo ushauri wangu wa mwisho hauhusu Google. Kusanya barua pepe za wateja wako kwa ridhaa yao. Weka namba ya simu kwenye risiti. Fanya mtu alijue jina lako ili aliandike moja kwa moja. Mahakama ya Oklahoma ilitwambia tangu 2003 kwamba ile nafasi ya kwanza ni maoni ya mtu mwingine. Na mwenye maoni anaweza kuyabadilisha usiku wa leo.