Akina Roberto wa Riyadh na Jeddah

Tarehe 30 Desemba 2022 klabu ya Al-Nassr ya Riyadh ilimtangaza Cristiano Ronaldo, na tangu siku hiyo vijiwe vingi vya soka, kuanzia Kariakoo hadi Mombasa, vinaongea kana kwamba Saudia iliota hamu ya wanasoka nyota usiku uleule. Miaka 44 kabla yake, jirani zao Al-Hilal walikwishamleta Riyadh bingwa wa dunia mwenye masharubu mazito na mguu wa kushoto uliowanyima makipa usingizi. Jina lake la kwanza lilikuwa Roberto. Baada yake wamefuata akina Roberto wengine watatu mashuhuri, mmoja mchezaji, mmoja kocha, na mmoja mchezaji tena. Ukifuata nyayo za hao wanne tu, unaiona vizuri safari ya soka la Saudia kutoka enzi ya kununua nyota mmoja mmoja hadi enzi ya kununua ligi nzima.

Kuhusu jina lenyewe, maneno machache yanatosha. Waitaliano hawakulibuni. Lilitoka kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, likashushwa kusini ya Italia na wapiganaji wa Kinormani katika karne ya 11. Aliyelipa sifa huko ni Roberto il Guiscardo, mtawala wa Puglia na Calabria, aliyeitwaa Palermo kutoka kwa Waislamu mwaka 1072. Mpwa wake, Mfalme Ruggero wa Pili, ndiye aliyemweka mwanazuoni al-Idrisi katika kasri lake kumwandikia kitabu cha jiografia kilichokamilika mwaka 1154, na humo imetajwa Malindi yetu. Kwa hiyo ukoo wa Roberto ulikuwa na habari za pwani ya Waswahili karne nyingi kabla ya Waitaliano wa leo kujenga hoteli zao huko. Wahamiaji wa Kiitaliano waliomiminika São Paulo walilikuta jina hilo likitumiwa na Wareno pia, na Brazil ikawa shamba lake kubwa. Sisi tulipewa umbo la Kiingereza, Robert, ambalo limekaa salama kwenye majalada ya vitabu vya Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga. Wapenzi wa Simba nao wanamkumbuka Roberto Oliveira, kocha Mbrazili aliyejulikana zaidi kama Robertinho. Alitoka Vipers ya Uganda akatua Msimbazi Januari 2023, na kibarua chake kikaota nyasi Novemba mwaka huohuo, siku mbili baada ya Yanga kuwachapa Simba mabao 5-1.

Turudi Riyadh. Roberto Rivellino alizaliwa São Paulo tarehe 1 Januari 1946, katika familia yenye asili ya Molise, kusini ya Italia. Mwaka 1970 alikuwemo katika kikosi cha Brazil kilichotwaa Kombe la Dunia kule Mexico, kikosi ambacho wazee wengi bado wanaapa kwamba hakijapata mfano. Bao la kwanza la Brazil katika mashindano yale, dhidi ya Czechoslovakia, lilikuwa lake kwa mpira wa adhabu. Alipoondoka Fluminense na kwenda Al-Hilal mwaka 1978 alikuwa na miaka 32, umri ambao mchezaji wa wakati ule alihesabiwa kuwa jua lake linatua.

Riyadh aliyoikuta haikuwa hii ya leo yenye minara ya vioo. Uwanja wa Mfalme Fahd ulikuwa bado haujajengwa. Ulifunguliwa mwaka 1987. Ligi ya taifa ilikuwa changa, msimu wake wa kwanza ukiwa 1976–77, na Al-Hilal yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1957, ndiyo iliyoushinda. Lakini bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara kadhaa tangu 1973 na fedha ilikuwepo. Al-Hilal hawakumtaka mchezaji peke yake. Benchi walimkabidhi Mário Zagallo, kocha yuleyule aliyeiongoza Brazil kutwaa kombe la 1970. Ukimnunua nyota pamoja na kocha anayemfahamu, unakuwa umenunua mfumo, na kwa maoni yangu hapo Al-Hilal ya 1978 ilionyesha akili kuliko klabu nyingi za 2023. Msimu wa 1978–79 ubingwa wa ligi ulirudi kwao, na mwaka 1980 wakabeba Kombe la Mfalme.

Rivellino alikwenda Riyadh na kitu ambacho vijana wa huko walikuwa hawajakiona kwa macho: ile chenga ambayo Wabrazili huiita elástico. Mpira uko mguuni, beki yuko mbele yako umbali wa hatua moja. Unausukuma kwa upande wa nje wa mguu, na beki, kwa kuwa ana macho, anahamishia uzito wake upande huo. Kabla mpira haujauacha mguu, mguu uleule unauzunguka na kuurudisha ndani, na beki anabaki amekanyaga mahali ambapo hakuna kitu. Yote hayo hutendeka katika mguso unaoonekana mmoja. Rivellino mwenyewe hakuwahi kujidai kuwa ameibuni. Husema aliichukua kwa Sérgio Echigo, Mbrazili mwenye asili ya Kijapani waliyekuwa naye Corinthians. Diego Maradona, aliyekuwa wa mguu wa kushoto kama yeye, alimtaja Rivellino kuwa kioo chake. Rivellino aliachia ngazi mwaka 1981. Zagallo alikabidhiwa timu ya taifa ya Saudia, na kwa miaka mingi iliyofuata Wabrazili walikuwa wakipishana kwenye benchi la timu hiyo. Mwaka 1984 Saudia ilitwaa Kombe la Asia kwa mara ya kwanza. Sidai kwamba Rivellino ndiye aliyelileta, ila mlango wa Brazil uliachwa wazi na yeye.

Roberto wa pili alishukia Jeddah, na kituo chake kilikuwa kifupi. Roberto Donadoni, winga wa AC Milan aliyebeba Kombe la Ulaya mara tatu, 1989, 1990 na 1994, alimalizia maisha yake ya uwanjani Al-Ittihad katika msimu wa 1999–2000, akiwa na miaka 36. Al-Ittihad, klabu ya mwaka 1927 iliyo miongoni mwa kongwe kabisa za nchi hiyo, ilikuwa katikati ya mavuno, na msimu huo iliutwaa ubingwa wa ligi. Ulaya nzima ilimchukulia Donadoni kama mtu aliyekwenda kula pensheni kando ya Bahari ya Shamu, na ukweli haukuwa mbali na hapo. Msimu ulipokwisha alifunga virago, akageukia ukocha, na mwaka 2006 akapewa timu ya taifa ya Italia.

Hapo ndipo njia yake inapokutana na ya Roberto wa tatu. Donadoni na Roberto Mancini walikuwa pamoja katika kikosi cha Italia cha Kombe la Dunia la 1990. Mancini hakuchezeshwa hata dakika moja. Donadoni alicheza, na kule Napoli katika nusu fainali mkwaju wake wa penalti ulidakwa na kipa wa Argentina. Wote wawili walikuja kuifundisha Italia. Donadoni alitolewa Euro 2008 na Hispania kwa penalti, akapoteza kazi. Mancini aliishinda Uingereza kwa penalti pale Wembley tarehe 11 Julai 2021, akawa bingwa wa Ulaya. Wakenya wanamkumbuka pia kwa jambo jingine. Mancini ndiye aliyekuwa kocha wa Manchester City Januari 2010, klabu hiyo ilipomtaka kiungo wao McDonald Mariga na kibali cha kazi kikakwama. Mariga akaenda Inter, na miezi michache baadaye akawa bingwa wa Ulaya.

Mancini alijiuzulu Italia katikati ya Agosti 2023, na wiki mbili baadaye alitambulishwa Riyadh kama kocha wa Saudia, kwa mkataba wa kufika 2027. Alirithi timu iliyoifunga Argentina 2-1 kwenye Kombe la Dunia la Qatar mwaka mmoja nyuma, kwa hiyo matumaini yalikuwa juu. Kilichobaki katika kumbukumbu za watu ni usiku wa tarehe 30 Januari 2024, hatua ya 16 bora ya Kombe la Asia, nchini Qatar. Saudia inaongoza 1-0 dhidi ya Korea Kusini hadi dakika za nyongeza za kipindi cha pili, Wakorea wanasawazisha, na mechi inakwenda hadi penalti. Kipa wa Korea anadaka mikwaju miwili mfululizo ya Wasaudia. Hwang Hee-chan anausogelea mpira, na akifunga basi. Kamera inamnasa Mancini akiwa amewapa mgongo wachezaji wake, anaelekea vyumbani. Hwang alifunga, kocha akiwa ameshaondoka. Baadaye aliomba radhi, akasema alidhani mambo yamekwisha. Wasaudia wengi hawakuridhika, na ni vigumu kuwalaumu: mchezaji anayekwenda kupiga penalti anapaswa kujua kwamba kocha wake yupo nyuma yake hadi mwisho.

Hata hivyo katika jambo moja Mancini alikuwa na haki, nalo ndilo jambo zito. Juni 2023 Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudia ulichukua asilimia 75 ya hisa za klabu nne: Al-Hilal na Al-Nassr za Riyadh, Al-Ittihad na Al-Ahli za Jeddah. Idadi ya wageni walioruhusiwa kwa kila klabu ilikuwa 8, na msimu uliofuata ikapanda hadi 10. Kocha wa taifa akalalamika hadharani kwamba vijana wake wanakaa benchi wiki baada ya wiki, kisha anaambiwa awapeleke Kombe la Dunia. Matokeo yakamuunga mkono kwa namna mbaya. Katika mechi za kufuzu zilizochezwa Jeddah, Septemba 2024 Saudia ilitoka sare 1-1 na Indonesia; tarehe 10 Oktoba ikafungwa na Japan 2-0; siku tano baadaye ikatoka suluhu na Bahrain, penalti ikikoswa. Tarehe 24 Oktoba mkataba ukavunjwa kwa makubaliano, na Hervé Renard, Mfaransa aliyekuwa kocha siku ile ya Argentina, akaitwa tena. Wasomaji wa Dar es Salaam wanaufahamu mjadala huu, maana kila Taifa Stars inapoteleza huzuka watu wa kuuliza wageni 12 wa kila klabu wanamzibia nani njia.

Mmoja wa waliowazibia Wasaudia njia alikuwa Roberto wa nne. Roberto Firmino, mzaliwa wa Maceió kaskazini mashariki mwa Brazil, alitoka Liverpool akiwa mchezaji huru na kujiunga na Al-Ahli mwaka 2023. Klabu hiyo ya Jeddah, ya mwaka 1937, ilikuwa na kidonda kibichi. Mwaka 2022 ilishuka daraja kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ikarudi baada ya msimu mmoja. Mechi ya kwanza ya ligi, Agosti 2023, Firmino alifunga mabao yote matatu dhidi ya Al-Hazm, 3-1. Baada ya mwanzo huo, ukame. Mabao yakawa ya kuhesabu, na msimu wa pili akawa si tegemeo tena.

Kisha likaja dirisha dogo la Januari 2025. Al-Ahli walimnunua Galeno kutoka Porto, nafasi za wageni zilikuwa zimejaa, na wa kutemwa kwenye orodha ya ligi akawa Firmino. Kanuni iliyokuwa ikiwaweka Wasaudia benchi sasa ilimweka yeye jukwaani. Alibakizwa kwenye orodha ya mashindano ya Asia tu, akawa mfanyakazi wa mechi chache za usiku.

Mtu mwingine angenuna. Firmino alicheza mashindano hayo kama kijana anayetafuta mkataba wake wa kwanza. Tarehe 3 Mei 2025, katika Uwanja wa Mfalme Abdullah hapohapo Jeddah, ukiwa umefurika watu wanaokaribia 60,000, Al-Ahli ilikutana na Kawasaki Frontale ya Japan katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Asia. Dakika ya 35 Firmino alimpasia Galeno, mtu yuleyule aliyechukua nafasi yake katika ligi, naye akaukunja mpira hadi wavuni kutoka mbali. Dakika saba baadaye alipiga krosi, na Franck Kessié wa Ivory Coast akamalizia kwa kichwa. Ilikwisha 2-0. Al-Ahli, iliyokuwa daraja la kwanza miaka miwili tu nyuma, ikawa bingwa wa Asia kwa mara ya kwanza, na mchezaji bora wa mashindano akatangazwa kuwa Firmino, mtu ambaye ligi ya nchi hiyo ilikuwa imemfuta kwenye vitabu vyake.

Kwa hesabu ya makombe Rivellino anaweza kushindana naye, kwa wasifu Mancini anawazidi wote kama kocha, lakini ukiniuliza ni Roberto gani aliyeilipa Saudia thamani ya fedha yake katika usiku mmoja, nitasema Firmino bila kusita. Shukrani aliyopata ilikuwa fupi: Julai 2025 alihamia Al Sadd ya Doha. Tarehe 14 Oktoba mwaka huo, katika uwanja uleule wa Jeddah alikochukulia tuzo yake, Saudia ya Renard ilitoka suluhu na Iraq na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la 2026.