Sumaku hatukuipata kwa Mreno

Aprili 1498 São Rafael, merikebu ya msafara wa Vasco da Gama, ilikwama mwambani karibu na Mtangata, kusini ya Tanga. Januari 1499 ikachomwa moto papo hapo kwa uchache wa mabaharia. Lakini Machi 1498, huko Msumbiji, Wareno walikwisha andika kwamba vyombo vya Waislamu vina sindano za dira.

Ndiyo sababu, naamini, tulichukua kwao meza na bendera, si jina la sumaku. Wao husema íman, kutokana na aimant la Kifaransa, ambalo pia maana yake “apendaye”. Mtaliano ana calamita. Sumaku yetu inafanana zaidi na chumbak ya Kihindi, yaani “kinachobusu”. Na pwani hii ilifanya biashara na Bara Hindi karne nyingi kabla Mreno hajakwama Mtangata.