Hasheem na hesabu za Memphis

Wadau, vijiweni hapa Marangu likitajwa jina la Hasheem Thabeet, lawama zote anabebeshwa yeye. Mimi nawauliza Memphis Grizzlies. Juni 2009 walimchagua namba mbili miongoni mwa vijana wapya wa NBA, huku senta tayari wanaye, Marc Gasol. James Harden akaenda namba tatu, Stephen Curry namba saba! Sasa kijana wetu wa mita 2.21 angejifunzia wapi? Benchi? Februari 2010 akashushwa ligi ya chini. Februari 2011 wakamtoa kwenda Houston pamoja na DeMarre Carroll, chaguo lao namba 27 la siku ile ile, wakampata Shane Battier. Miezi miwili baadaye Battier akawasaidia kuwatoa San Antonio Spurs. Carroll alikuja kung'ara Atlanta. Hasheem alimaliza NBA 2014, wastani pointi 2.2.