Kinyozi Aliyepunguza Sauti

Chang'ombe ninayoiandika siyo ile ya Temeke. Ni ya Dodoma, kilomita chache tu kutoka ukumbi wa Bunge. Mwaka 2016 nilikuwa kidato cha tatu, na saluni ya kiume ya mtaani kwetu ilikuwa na benchi moja, runinga ndogo, na wazee wa kudumu ambao sikumbuki hata siku moja kuwaona wakinyolewa. Vikao vya Bunge vilipoanza, benchi lilijaa tangu asubuhi. Mbunge akiuliza swali, wazee walishamjibu kabla waziri hajainuka.

Tarehe 27 Januari mwaka huo, Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alilieleza Bunge kwamba TBC itaacha kurusha vikao moja kwa moja ili kupunguza gharama. Usiku kungekuwa na kipindi kilichorekodiwa. Sisi tukabaki tunayaona magari ya waheshimiwa yakipita, bila kusikia walichokwenda kusema. Benchi likapungua watu. Kipindi cha usiku kila mtu alikitazama kwake, kama alikitazama.

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya historia, na vitabu vingi ninavyopewa vinauzungumzia umma kana kwamba umeshakaa mahali, unasubiri kuhutubiwa. Lile benchi lilinifundisha vingine. Watu wale waligeuka umma pale waliposikia jambo moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akijua kuwa mwenzake naye amelisikia.

Muziki ulishaifanya kazi hiyo kabla ya runinga ya kinyozi wetu. Remmy Ongala alipoimba "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kondomu katika miaka ya UKIMWI, Radio Tanzania Dar es Salaam haikuupiga. Ukatembea wenyewe, kwenye kumbi na kaseti. Mwaka 2001, redio binafsi zikiwa zimeshashika, Profesa Jay alitoa "Ndio Mzee": mgombea anaahidi yasiyowezekana, wananchi wanaitikia. Nilikua nikiwasikia watu wazima wakimkejeli diwani kwa jina hilo, na kwa miaka mingi sikujua kuwa ni wimbo. Nilidhani ni msemo wa pale mtaani. Mwaka 2015 mwimbaji mwenyewe, Joseph Haule, akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, akaja Dodoma, na baada ya miezi michache matangazo yakakatwa. (Historia nayo ina utani wake.)

Machi 2017 ukaja "Wapo" wa Nay wa Mitego, ulioingia saluni kwa memori kadi. Uliuliza kama uhuru wa kusema bado upo. Jumapili ya tarehe 26 tukasikia amekamatwa Morogoro; BASATA nayo ikaufungia wimbo. Kinyozi hakuuzima. Alipunguza sauti tu, mpaka mashine ya kunyolea ikawa inaushinda, nasi tukasogea karibu na spika. Sijawahi kuliona benchi lile limebanana namna ile tangu siku za Bunge.

Kesho yake Waziri mpya wa Habari, Harrison Mwakyembe, akatangaza kuwa Rais Magufuli ameupenda wimbo: msanii aachiwe, upigwe redioni, na ikiwezekana aongeze wengine wa kuwataja. Jioni kinyozi alifungulia sauti hadi barabarani. Mzee mmoja akauliza, "Kwa hiyo jana tulikuwa tunaiba?" Tulicheka, lakini ndani ya siku mbili benchi lilikuwa limelegea. Wimbo ulikuwa uleule. Ila jana yake tulikuwa tumeusogelea kwa hiari yetu, na sasa tulikuwa wageni walioalikwa, na aliyetualika angeweza kutuambia muda wa kuondoka.

Tarehe 5 Aprili, Roma Mkatoliki na wenzake watatu walichukuliwa kutoka studio ya Tongwe Records, Dar es Salaam. Walipatikana tarehe 8. Mwaka huo neno "wasiojulikana" likawa na maana mpya nchini.

Nilipokwenda kunyoa wiki ile, spika ilikuwa inapiga nyimbo za mapenzi. Mzee aliyeuliza kuhusu wizi alikuwa peke yake kwenye benchi, anasoma gazeti. Kinyozi aliniuliza kama nataka pembeni papunguzwe zaidi, nikasema ndiyo.