Fidia ya ugonjwa na ajali kazini: Masasi na Newala

Malipo ya mfanyakazi anayeugua Tanzania Bara hutegemea chanzo cha ugonjwa. Ugonjwa wa kawaida huangukia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: likizo ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Ajali au ugonjwa unaotokana na kazi ni jukumu la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi 2015 chini ya sheria ya 2008 na kuhitimisha zama za sheria ya kikoloni, ambamo mwajiri alimlipa majeruhi mwenyewe, mara nyingi kiasi kidogo. Mfuko hulipa matibabu, asilimia 70 ya kipato wakati wa ulemavu wa muda, na huduma za utengamao ili mtu arudi kazini. Hili la mwisho ndilo mageuzi halisi.

Katika wilaya za korosho za Masasi na Newala, mbanguaji wa kiwandani aliyeunguzwa na mafuta makali ya ganda la korosho anastahili haya yote, mradi awe ameajiriwa. Mkulima anayepulizia salfa mikorosho yake mwenyewe hana mwajiri wa kumchangia katika Mfuko, na wengi wa Newala ni wakulima wa namna hiyo. Akiugua msimu wa kupulizia, hutegemea ndugu, au vibarua anaowalipa kwa korosho ambazo bado hazijavunwa.