"Utakula Nyimbo?" Waulize Watu wa 1968

Wasee, kuna dharau fulani naisikia kila matokeo ya KCSE yakitoka. Mtu akisema anataka kusomea fasihi, historia au muziki, anaulizwa, "Utakula nyimbo?" Mjomba anataja uhandisi, shangazi anataja uuguzi, na story inaishia hapo. Mimi naona wanaouliza hivyo hawajui kilichotokea hapa hapa Nairobi mwaka 1968.

Turudi nyuma kidogo. Kenya ilikuwa na uhuru wa karibu miaka 5. Chuo cha Nairobi hakikuwa kinajitegemea bado. Kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam. Fasihi ilifundishwa na Idara ya Kiingereza, na ukiingia humo ulisoma Waingereza, karne baada ya karne. Yaani umepata bendera yako, lakini darasani bado uko London.

Tarehe 24 Oktoba 1968, walimu na watafiti watatu wakaandika waraka: idara hii ifutwe. Si ipakwe rangi mpya, ifutwe. Mmoja alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, wakati huo bado akijulikana kama James Ngugi. Wa pili ni Taban lo Liyong, mwandishi aliyekulia Uganda. Wa tatu ni Henry Owuor-Anyumba, aliyekuwa tayari ameandika kuhusu nyimbo za nyatiti. Na usidhani walitaka Shakespeare achomwe. Walichouliza ni kwa nini Afrika iwe kiambatisho cha Uingereza. Weka Afrika katikati, halafu Karibi, Amerika, Ulaya na wengine wote wasomwe kutoka hapo.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ile ya fasihi simulizi. Hao watatu walisema huwezi kuielewa ukijifungia kwenye somo moja, kwa sababu inagusa muziki, isimu, historia, dini, falsafa na mengine mengi. Hebu tujaribu na nyatiti inayopigwa matangani kwa Wajaluo. Maneno ya wimbo ni fasihi. Zile nyuzi 8 ni muziki. Ukoo wa marehemu unaotajwa ni historia. Yule jamaa anayetoa pesa wimbo usimamishwe ili ajisifu kwanza, huyo utamwelewa kwa sosholojia. Na vile kifo chenyewe kinaelezwa, hapo umeingia dini na falsafa. Wimbo mmoja tu, na umeshapita idara tano!

Na waraka haukuishia kabatini. Idara ya Kiingereza ilizaa Idara ya Fasihi. Mwaka 1970 Nairobi ikawa chuo kikuu kinachojitegemea, na Taasisi ya Taaluma za Afrika ikaanzishwa. Okot p'Bitek, mwandishi wa Song of Lawino, alifanya utafiti pale miaka ya 70. Cheki huyu mtu: alichezea timu ya taifa ya Uganda, akasomea ualimu, sheria na anthropolojia, na bado akaandika mashairi. Leo angeambiwa hajui anachotaka maishani.

Halafu ikaja Kamiriithu, na hapo ndipo serikali ilishtuka. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, mtafiti wa chuo hicho hicho, waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Waliigiza wakulima na wafanyakazi wa pale Limuru, kwenye ukumbi waliojijengea wenyewe. Wanakijiji walirekebisha maneno, wakaongeza nyimbo wanazozijua, wakafundisha wasomi jinsi mambo yalivyokuwa. Ilianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Novemba ikapigwa marufuku. Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa.

Sasa niambie. Kama nyimbo hazina maana, mbona zilipelekewa polisi? Hakuna mtu hubomoa kitu kisicho na nguvu. Vitabu vya Kiingereza kuhusu ardhi na mishahara vilikuwa madukani, lakini mchezo ambao mchuna majani chai anauelewa na kuuigiza ndio ulionekana hatari.

Sisemi kila mtu akasomee fasihi. Kodi ya nyumba hailipwi kwa mashairi, najua. Lakini tazama vitu tunavyoishi navyo: michoro ya matatu, Sheng inayobadilika kutoka mtaa hadi mtaa, gengetone, hadi maneno tuliyoandika kwenye mabango ya maandamano 2024. Hivyo vyote ni kama ule wimbo wa nyatiti. Huwezi kuvielewa kwa somo moja, na tusipovichunguza sisi, atakuja mtu wa mbali avichunguze, atuandikie kitabu, halafu tukinunue.

Fasihi simulizi unayoilalamikia kwenye mtihani ilipiganiwa. Kuna watu walisimama wakasema kile shosho yako anakijua kinastahili kukaa chuo kikuu. Kwa hivyo ukiulizwa utakula nyimbo, jibu kwamba kuna mtu alifungwa kwa ajili ya nyimbo, na umwombe mjomba akuimbie ya kwao. Asipoikumbuka hata moja, mwambie hiyo ndiyo sababu unaenda kuisomea.