Haggis na Wiski: Jinsi Zilivyokutana Mezani

Julai 1801, wanaume tisa walikusanyika katika nyumba ndogo iliyoezekwa kwa nyasi kijijini Alloway, kusini-magharibi mwa Uskoti. Humo ndimo alimozaliwa mshairi Robert Burns tarehe 25 Januari 1759, na sasa miaka mitano ilikuwa imetimia tangu afariki. Walikula kichwa cha kondoo na haggis, wakasoma shairi alilolitunga mwaka 1786 kukisifu chakula hicho, kisha wakanyanyua vikombe kumkumbuka. Baadaye karamu hiyo ilihamia Januari, mwezi wa kuzaliwa kwake, ikaenea popote Waskoti walipofika.

Haggis ni chakula cha watu wasiotupa kitu. Moyo, ini na mapafu ya kondoo huchemshwa na kukatwakatwa, vikachanganywa na vitunguu, mafuta ya mnyama, unga wa oti na pilipili manga nyingi. Mchanganyiko huo hushindiliwa ndani ya tumbo la kondoo, likashonwa na kutokoswa kwa saa kadhaa. Pembeni huwekwa viazi vya kuponda na mzizi mtamu wa rangi ya manjano ambao Waskoti huuita neeps.

Wiski nayo ilitokana na maisha hayohayo ya shambani. Hesabu za hazina ya Mfalme James IV za mwaka 1494 zinamtaja mtawa John Cor, aliyepewa kimea cha kukenekea pombe kali. Shayiri iliyolowekwa ikachipua ilikaushwa juu ya moto, na penye uhaba wa kuni, moto huo uliwashwa kwa udongo mweusi wa vinamasi, uliokatwa vipande na kuanikwa. Moshi wake uliingia kwenye nafaka, nao ungali unanukia katika wiski za kisiwa cha Islay hadi leo.

Hata hivyo, tusidhani kwamba wanakijiji wa enzi ya Burns walikunywa kile kinachouzwa sasa. Wiski yao mara nyingi ilinywewa ikiwa mbichi, nyeupe kama maji na ya kuunguza koo, ndugu wa gongo kabisa. Nyingi ilikenekwa kwa siri ili kukwepa kodi. Burns mwenyewe, aliyeisifu katika mashairi yake, alilazimika kutafuta riziki akawa ofisa wa ushuru mwaka 1789, na kazi yake ikawa kuwafuatilia wakenekaji na walanguzi.

Sheria ya mwaka 1823 ilipunguza kodi, na mwaka uliofuata George Smith wa bonde la Glenlivet akachukua leseni. Majirani waliokuwa wakikeneka kwa magendo walimchukia hata akawa anatembea na bastola mbili. Wafanyabiashara walihifadhi wiski katika mapipa yaliyokwisha kubeba mvinyo wa Hispania, na mbao zikaipa rangi ya dhahabu na ladha ya matunda makavu. Ukomavu huo ulikuja kuwa sharti la kisheria: miaka miwili kuanzia 1915, kisha mitatu.

Bado wiski iliyotawala soko ilikuwa ya kuchanganywa. Mwaka 1963 Glenfiddich ilianza kuinadi nje ya Uskoti wiski ya kimea ya kiwanda kimoja, na wengine wakafuata. Kwa hiyo, desturi ya kuchagua wiski maalumu kwa kila sahani ni changa sana ikilinganishwa na karamu yenyewe.

Uchanga wake hauipunguzii thamani. Haggis ina mafuta na pilipili, inahitaji wiski isiyomezwa na viungo. Talisker ya kisiwa cha Skye, yenye moshi na ukali unaokaribia pilipili, inaifaa kuliko zote. Ongeza matone machache ya maji ili harufu ifunguke. Wiski laini za Glenlivet zisubiri cranachan, kitindamlo cha krimu, asali, oti zilizokaangwa na matunda ya rasiberi. Zikinywewa pamoja na haggis, ladha ya chakula hicho itazifunika.